Mtoto wa Dada wa Mke

Wiki iliyopita jirani yangu alipaka vanishi mlango wake wa mbele, nami nikashindwa kula chakula cha mchana. Si kwamba harufu ile ni mbaya. Mume wangu huipenda, husema ni harufu ya nyumba mpya. Mimi ikinifikia huanza kujiuliza nimeandika nini, wapi, na nani amekisoma. Mtu mzima na akili zangu, nina kazi, nina pasipoti ndani ya mtoto wa meza, lakini vanishi ikikauka popote karibu nami naona kama muda wowote nitaitwa jina.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Leyton, London, juu ya duka la matairi, ndani ya uwanja wa matofali uliokuwa na lango pana kupita kiasi. Lango lile lilinishangaza kwa sababu milango mingine yote ya mtaa ilikuwa myembamba, mtu akiingia na mifuko miwili inabidi aende ubavu. Juu ya tofali za ukutani yalikuwapo maandishi meupe yaliyofutika nusu, na katikati ya uwanja lilifukiwa bamba kubwa la chuma, la mviringo, lenye tundu katikati. Vijana wa duka la matairi walitupa humo vipisi vya sigara. Mimi nilisimama juu yake nikisubiri Mama afunge mlango tukienda skuli, na sikujua ni la nini.

Nyumbani tulikuwa watatu: Baba, Mama na mimi, mtoto wao. Hapo tayari kuna watakaosema nimedanganya. Kwa hesabu za kwetu Unguja sijadanganya hata kidogo. Mama, jina lake Saada, hakunizaa. Aliyenizaa ni dada yake mkubwa, ambaye alikuwa na watoto watano na mimi wa sita, wakati Saada mimba zake zilikuwa hazikai. Nilipoacha ziwa, dada mtu alinifunga kanga mpya, akavuka mitaa miwili, akaniweka mapajani pa mdogo wake na kusema, "Huyu wako." Basi. Hapakuwa na shahidi wala karatasi, palikuwa na kahawa. Tangu siku hiyo Saada nikamwita Mama, mumewe nikamwita Baba, na aliyenizaa nikamwita Mama Mkubwa, kama nilivyopaswa kumwita ningekuwa nimezaliwa na mdogo wake. Wala haikuwa siri. Mtaa mzima ulijua, na mimi nilijua, na hakuna aliyeliona jambo.

Jambo lilianza London. Tulipofika, Baba alipewa fomu ya kuomba ruhusa ya kukaa, na mahali palipoulizwa watoto aliandika jina langu bila kuinua kalamu. Alikuwa mkweli kama anavyoapa msikitini. Miaka miwili ikapita tukisubiri majibu. Halafu siku moja Bi Fatma, rafiki wa Mama aliyekuwa akikaa Queensbury, alikuja na habari pamoja na mkate wa kumimina. Kuna watu, alisema, waliulizwa Croydon, kwenye ofisi ya uhamiaji, juu ya watoto wao, wakapimwa damu, damu ikakataa. "Na watoto wenyewe wako wapi sasa?" akauliza Mama. Bi Fatma akatazama mkate wake. "Mimi sijui, shoga. Wallahi sijui." Ule mkate ulibaki mezani mpaka ukakauka kingo.

Kuanzia hapo kila Jumapili baada ya chakula tulikuwa na mtihani. Baba alivaa miwani yake ya kusomea akaishusha mpaka ncha ya pua, akawa afisa wa Croydon.

"Who is this lady?"

"My mum."

"Na huyo dada yake?"

"Mama Mkubwa."

"Anakaa wapi?"

"Zanzibar."

"Ana watoto wangapi?"

Hapo ndipo nilipojikwaa, kwa sababu nilizoea kusema sita. Baba alivua miwani. "Watano, mwanangu. Watano tu. Hebu tena." Nikarudia. Mama hakushiriki kamwe. Alikuwa akiosha vyombo, na vyombo vilikuwa vimeshaoshwa.

Nilimwona Mama akiogopa vitu vingi, lakini zaidi ya vyote aliogopa barua kutoka kwa Mama Mkubwa. Bahasha za buluu, stempu zenye picha ya karafuu. Zilikaa juu ya friji siku mbili au tatu kabla hazijafunguliwa, na zikifunguliwa alizisoma amesimama, haraka, mpaka mwisho, kisha akashusha pumzi na kuzisoma upya amekaa. Mimi nilijipa maelezo yangu. Niliamini Croydon wanasoma barua zote njiani, na Mama anatafuta alama za vidole vyao. Nilizitazama bahasha zile kama mtu anavyomtazama mbwa aliyelala.

Mwalimu wetu, Miss Lowe, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye chaki daima kwenye sketi. Muhula ule alituambia tutajifunza mtaa wetu ulivyokuwa zaidi ya miaka mia nyuma. Akaleta nakala za orodha ambazo serikali ya wakati ule iliziandika nyumba kwa nyumba: nani amelala hapa jana usiku, ni nani wa mwenye nyumba, ana umri gani, anafanya kazi gani, amezaliwa wapi. Kila mtoto akapewa nyumba. Mimi nikapewa uwanja wetu.

Aliyekaa pale, pale pale nilipolala mimi, alikuwa Bwana Joseph Tarrant, mtengeneza magari ya farasi. Nilipoelezwa nikaona kama nimepewa ufunguo. Lango lilikuwa pana ili magari yapite. Maandishi ya ukutani yalikuwa jina lake. Na bamba lile la chuma ndipo walipolifunga gurudumu la mti, kitovu chake ndani ya lile tundu, kisha wanaume wanne wakaleta duara la chuma jekundu kutoka motoni, wakalivisha gurudumu, wakalimwagia maji ya ndoo mpaka chuma kikajikaza na viungo vyote vya mti vikalia. Nilimsimulia Baba. Baba alikuwa seremala, na babake kabla yake alitengeneza magari ya ng'ombe kule Mwera. Alishuka na tochi akaligusa lile bamba kwa kiganja. "Ah, yakhe," alimwambia Bwana Tarrant, kana kwamba yupo, "kumbe ulikuwa hapa?" Akawaambia vijana wa duka la matairi wasitupe tena sigara mle. Walimcheka, lakini waliacha.

Ili tujue kazi ile ilivyokuwa ngumu, Miss Lowe alituletea ubao mmoja mrefu. Kila siku asubuhi tuliupaka vanishi mkono mmoja, na kila siku jioni tuliusugua kwa jiwe laini, kwa sababu gari la Bwana Tarrant lilipakwa mara ishirini kabla ya kutoka lango lile. Wakati wa kupaka ilibidi darasa zima tukae bila kutikisika, vumbi lisiruke. Alisema wapakaji wa zamani walifanya kazi wakiwa vifua wazi, nguo isije ikadondosha uzi. Watoto thelathini tulikaa kimya tukivuta harufu ile, na mimi, kwa siku za mwanzo, nilikuwa na furaha tupu.

Nilikuwa na furaha kwa sababu ya orodha. Niliijua kwa moyo. Joseph, mwenye nyumba, miaka arubaini na sita. Hannah, mke. William, mtoto wa kiume, mpakaji. Emma, mtoto wa kike, huyu alishona viti vya magari na kuvijaza singa za farasi. Halafu wadogo watatu, halafu mama mkwe, mjane. Na mwisho kabisa, chini ya mama mkwe, Alice Webb, miaka saba, amezaliwa mbali, mashambani. Mbele ya jina lake, mahali pa kueleza ni nani wa mwenye nyumba, karani alikuwa ameandika kwa herufi za kubanana: mtoto wa dada wa mke.

Nilisoma mara tatu. Nilifikiri nitapiga kelele. Kila Jumapili nilikuwa nafundishwa kwamba mtu wa namna yangu hayupo, na huyu hapa, ameandikwa, na serikali, ndani ya nyumba yangu. Nilitaka kumwambia mtu na hapakuwa na mtu wa kuambiwa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa Alice peke yake, naye alikuwa amekufa.

Wiki ya pili Miss Lowe alitugawia karatasi nyeupe zenye vile vile visanduku. Sasa tuandike nyumba zetu sisi. Akatuambia maneno ambayo naweza kumlaumu kwayo mpaka leo, maskini, naye hana kosa: kwamba orodha ina thamani ikiwa kweli, kwamba mtu atakayeisoma baada ya miaka mia atatutegemea sisi tu. Niliandika Baba, mwenye nyumba. Niliandika Mama, mke. Nikafika kwangu, nikasita. Nilikuwa nimekatazwa kusema. Nilipekua kichwani mtihani wote wa Jumapili, swali kwa swali, na sikukumbuka popote Baba alipotaja kuandika. Nikaandika kwa wino, kwa mwandiko wangu bora kabisa, kama Alice: mtoto wa dada wa mke.

Miss Lowe alipita nyuma yangu, akainama, akasoma. "What a careful historian you are," alisema. Nikajiona nimekua.

Furaha ile ilidumu mpaka Ijumaa. Ijumaa Miss Lowe alikusanya karatasi akatueleza ziendako. Zitabandikwa maktaba, watu wote wa mtaa wazione. Baadaye zitawekwa pamoja na karatasi za kale, kwa sababu ndivyo serikali inavyofanya, huzihifadhi orodha zake zote na haitupi hata moja. Mtoto mmoja akauliza, hata moja? "Not a single one," alisema Miss Lowe kwa fahari. Ubao wetu ulikuwa unakauka dirishani. Ilikuwa zamu ya kukaa kimya, nisingeweza hata kuinua mkono.

Na kama hilo halikutosha, Jumatatu alituletea orodha iliyofuata, ya miaka kumi baadaye, tuone nani amebaki. Nikatafuta uwanja wetu. Palikuwa na watu wengine kabisa. Fundi bomba na mkewe. Nikageuza karatasi, nikaangalia nyumba ya kulia na ya kushoto. Hapakuwa na Joseph, wala Hannah, wala mama mkwe, wala Alice. Watu tisa.

"Miss, where did they go?"

"We don't know, poppet. They just disappear from the record."

Alikuwa anasema kama mtu anayesema mvua imenyesha. Mimi nilijua walikokwenda. Walimwandika Alice kwa ukweli, serikali ikasoma, na familia nzima ikaondolewa, pamoja na bibi kizee. Nililiona lile lango pana na nikajua magari gani yalikuja kuwachukua.

Nilikuja kuwapata ukubwani, katika chumba cha kusomea nyaraka, baada ya kuwatafuta kwa ukaidi. Hawakuondolewa na mtu. Kazi ilimshinda Bwana Tarrant, viwanda vikubwa vikawa vinauza magari rahisi kuliko yake, akahamia ng'ambo ya Thames kwenye vyumba vitatu, akiwa kibarua wa kutengeneza magurudumu kwa mtu mwingine. Hannah hayumo tena. Watoto wanne wamo. Alice naye yumo, miaka kumi na saba, mstari wa mwisho, na mbele ya jina lake safari hii pameandikwa: mtumishi. Nilikasirika mpaka mtu wa meza ya pili akaniangalia. Nilimkasirikia Joseph Tarrant kama ningemkasirikia mjomba wangu. Hannah alipokufa, alikufa na neno lililokuwa likimfunga yule mtoto na nyumba ile, kwa sababu lilikuwa limepitia kwa mke tu. Lakini hayo niliyajua miaka mingi baadaye. Nikiwa na miaka tisa nilichojua ni kwamba barua ya Croydon ilikuwa imefika, tumeitwa sote watatu kwenye interview wiki tatu zijazo, na ushahidi nimeubandika mwenyewe.

Nilijaribu kuuiba. Nilimwomba Mama tupitie maktaba tukitoka skuli, nikamwacha kwenye viti vya mlangoni, nikaenda mpaka ukutani. Karatasi yangu ilikuwa mstari wa juu. Nilivuta kigoda, nikapanda, nikaushika msumari wa kubandikia. Mkutubi akatokea, mama wa Kihindi mwenye sweta la njano. "Which one's yours, darling?" Nikaionyesha yangu kwa kidole. Alifuata kidole changu, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti, taratibu, na mzee mmoja aliyekuwa na gazeti akasogea asikilize. Nilishuka kabla hajafika jina langu, nikamkimbilia Mama, nikamshika mkono, nikamvuta nje. "Una nini we?" aliuliza. "Umevunja kitu?" Nikasema hapana. Sikuwa nimekula vizuri siku nne, na njiani nikatapika pembeni mwa kituo cha basi.

Siku ya pili yake, ilikuwa Jumamosi, tulikuwa tunakunja mashuka. Kazi ile ilitutaka watu wawili, yeye pembe zake na mimi zangu, tunavuta, tunakung'uta, kisha tunakwendeana kukutanisha pembe. Nilimwambia hapo, shuka ikiwa imenyooka katikati yetu, kwa sababu nilijua hawezi kunifikia. Nikamwambia yote: Alice, orodha, ukuta wa maktaba, na tisa waliopotea.

Mama hakuiachia shuka. "Umeandika vyo hivyo? Kwa mkono wako?"

"Kwa wino."

"Kwamba we mtoto wa dada wa mke."

"Ndiyo."

Alikuja na pembe zake mpaka zikakutana na zangu, akazichukua mikononi mwangu, akamaliza kukunja peke yake, akaiweka juu ya nyingine. Nilisubiri kofi. Afadhali lingekuja. Alikwenda chooni akafungua mfereji, na maji yalimwagika kwa muda mrefu mno kwa mtu anayenawa uso.

Baba alipoambiwa alisema lahaula, akakaa, akasimama, akakaa. Kisha akacheka kicheko kibaya. "Mtoto tumemfunza kusema, tukasahau kumfunza kuandika!" Hakunigombeza. Jumatatu wakaenda kwa wakili wao, nami wakanichukua, kwa kuwa hapakuwa na wa kuniachia. Wakili alikuwa mwanamke mwenye mafua aliyetusikiliza akijipangusa pua. Alisema karatasi ya maktaba haiendi popote, hakuna Croydon atakayeisoma, nisiogope. Lakini alisema na jingine: waseme kweli kabla hawajaulizwa. Mtoto wa kulea si kosa. Wanachotaka ni barua tu ya mama aliyemzaa, aseme kwa saini yake kwamba amemtoa mtoto wake kwa dada yake, kwa hiari, moja kwa moja. "Simple," alisema.

Simple! Tulirudi kwa basi. Mimi nilikuwa mwepesi kama karatasi: hatuondolewi, hakuna lori langoni. Sikuelewa kwa nini Mama ameegemeza kichwa kwenye kioo amefumba macho.

Nilielewa siku mbili baadaye, nikiwa nyuma ya mlango wa jikoni.

"Ni barua tu, Saada," Baba alikuwa akisema. "Mistari mitatu."

"Mistari mitatu ya nini? Nimwambie dada yangu aniandikie hati? Kama ya kiwanja? Alonipa kwa mkono wake, leo nimwambie tia saini?"

"Atafahamu."

"Atafahamu nini? Ataniuliza, Saada, kwani tumefikishana huko? Una shaka nami? Na mimi nitamjibu nini? Na akisema..." Nilisikia kijiko kikiwekwa. "Miaka saba, Khamis. Na tangu tufike huku, kila barua ikija naisoma kwanza mpaka mwisho, nione kama kasema nimrudishe. Hajasema hata siku moja. Sasa mimi mwenyewe nimpigie simu nimkumbushe? Akisema basi nirudishie mwanangu, mimi nina la kusema? Sina. Mwanawe."

Nilibaki nimesimama na soksi zangu kwenye sakafu baridi. Kumbe hakuwa akitafuta vidole vya Croydon kwenye bahasha zile. Na nikafahamu, nikiwa na miaka tisa, jambo ambalo Baba mwenyewe sidhani kama alilifahamu: kwamba fomu ile ya Croydon, pale alipoandika mtoto, ilikuwa karatasi ya pekee duniani iliyosema mimi ni wa Mama, na mimi nimekwenda kuandika nyingine ya kuipinga kwa mwandiko mzuri. Nililia bila sauti. Niliona aibu kubwa kuliko woga wote wa wiki ile.

Croydon yenyewe, nisikuwekeni roho juu, ilipita. Tulipanda treni, tukasubiri kwenye viti vilivyofungwa sakafuni, tukaulizwa, na baada ya miezi mingi karatasi zikaja kwa posta tukapewa kukaa. Sikumbuki hata sura ya afisa. Ninachokumbuka ni Jumapili moja kabla ya safari ile, saa sita mchana ya London, saa tisa alasiri ya kwetu.

Mama Mkubwa hakuwa na simu. Ilipangwa, kupitia mtu na mtu, kwamba awepo dukani kwa Haji, jirani yake, saa ile. Baba alinunua kadi ya simu, akaikwangua, akabonyeza nambari ndefu, akampa Mama mkono wa simu. Mama alikuwa amevaa vizuri, amejitanda, kama anayekwenda kumzuru mtu. Hakutaka kukaa.

"Shikamoo dada."

Simu ile ilikuwa na sauti kubwa, mtu wa pembeni alisikia kila neno. Marahaba, hamjambo, Khamis hajambo, baridi vipi, miguu ya bibi vipi, bei ya sukari vipi. Mama aliuliza habari ya kila mtoto kwa jina, wote watano, na kila mmoja alikuwa na habari. Baba alionyesha saa yake. Mama akampa mgongo. Akauliza habari za mbuzi.

"Saada," ilisema sauti ya ng'ambo. "Una nini? Hukunipigia kwa ajili ya mbuzi."

Mama akasema. Alisema haraka, akitazama ukuta: wakili, barua, kumtoa, kwa hiari, saini. Alisema samahani mara nne. Alisema si mimi dada, ni hawa watu na makaratasi yao. Upande wa pili alisikika mtu dukani akiomba kiberiti.

Mwanamke wa ndani ya mashine aliingia akasema kwa Kiingereza kwamba zimebaki dakika mbili.

"Mpe simu huyo mtoto," alisema Mama Mkubwa.

Mama alinitazama. Uso wake sikuwahi kuuona vile na sijauona tena. Alininyooshea simu, na mkono wake haukuiachia mara moja.

"Shikamoo Mama Mkubwa."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Unakula?"

"Nakula."

"Chuo cha Kurani unakwenda?"

"Kila Jumamosi."

"Ukiumwa nani anakaa nawe?"

"Mama."

"Na nywele? Nani anakusuka?"

"Mama."

"Anakuumiza?"

Nilifikiri. Nilikuwa nimeapa sitasema tena ila kweli, na kweli ndiyo iliyotufikisha hapa. "Kidogo. Anavuta."

Akacheka. Kicheko chake kilikuwa kile kile cha Mama, nilidhani Mama ndiye aliyecheka nyuma yangu. "Huyo tangu mdogo anavuta. Kichwa changu hichi ndicho alichojifunzia." Halafu nilimsikia akipumua kwa mdomo, kama mtu aliyepanda ngazi. "Haya," alisema. "Haya mwanangu. Mwambie mamaako barua nitaandika leo, nitampa mtu anayesafiri."

Nikataka kusema ahsante. Simu ikakatika.

Mama alikuwa amesimama vile vile, mikono mbele, kama bado ameshika shuka. "Kasemaje?"

"Kasema nimwambie mamaangu barua ataandika leo."

"Kasema vipi? Kasema mwambie Saada?"

"Hapana. Kasema mwambie mamaako."

Baba akaenda jikoni bila kuaga. Mama alikaa sakafuni, na nguo zake nzuri, mgongo ukutani, akanivuta mpaka nikakaa naye.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.